Glavu zinazosema: mchango wa Amu (Lamu) ununue au usinunue?

Mkaazi wa Langoni: Mchango wa watoto wasiosema umefika pazuri. Wengine wataka glavu zinazogeuza ishara kuwa sauti kwenye simu, wengine mbao za picha ambazo mtoto huonyesha anachotaka. Semeni.

Fundi Mkomani: Glavu, ila mjue mnachonunua. Kila kidole kina kihisi cha mkunjo: ukikunja, ukinzani wa umeme unapanda. Kinaungwa na rezista, kisha bodi ya Arduino, kompyuta ndogo, inasoma volti kwa namba, 0 hadi 1023. Kinachokufa kwanza si betri, ni shina la kihisi pale nyaya zinapoanzia. Pakikunjwa mara nyingi panakatika. Pakazeni gundi ya moto na kipande cha plastiki ngumu. Halafu jasho na chumvi ya hapa: ngumi iliyosoma 700 asubuhi, adhuhuri waikuta 640. Mvaaji apimwe upya kila siku, mkono wazi, kisha ngumi. Kwa bubu ni ukombozi.

Dada wa Shela: Bubu nani, kaka? Kuna viziwi wenye lugha yao kamili, na kuna wenye mtindio wa ubongo wanaosikia kila neno lako. Vidole vilivyokakamaa vitapiga ishara gani ndani ya glavu?

Fundi Mkomani: Nimeeleza kihisi mstari kwa mstari, umeona neno moja tu.

Mkalimani: Na hicho kihisi hakioni uso. Katika lugha ya alama nyusi ndizo zinazouliza. Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington walipata tuzo ya dola 10,000 mwaka 2016 kwa glavu kama hizi, na viziwi wakazikosoa kwa hilo hilo. Tena herufi A, S na T katika lugha ya alama ya Kimarekani zote ni ngumi, kinachohama ni gumba.

Kijana wa Mokowe: Roy Allela ni Mkenya na alitengeneza za kwake, kwa hiyo msiseme ni mambo ya wazungu. Na katiba kifungu cha 120 si kimeifanya lugha ya alama kuwa lugha ya taifa?

Mkalimani: Hicho ni cha lugha za Bunge. Kuikuza ni kifungu cha 7. Lugha ya taifa ni Kiswahili.

Mwana wa Amu: Kiswahili cha nani? Simu yasema "maji", kwetu ni "mai". Yasema "nina njaa", kwetu ni "ndaa". Mwana wa Amu azungumze kama mtangazaji wa Nairobi mbele ya nyanyake?

Kijana wa Mokowe: Mtoto ana kiu, wewe wasahihisha lafudhi! Stephen Hawking, yule mwanasayansi aliyepooza, alikuwa Mwingereza na mashine yake ilisema kwa lafudhi ya Kimarekani.

Mwana wa Amu: Na alipoweza kuibadilisha akaing'ang'ania. Aliamua mwenyewe. Mtoto huyu nani kamuuliza?

Dada wa Shela: Basi rekodini. Programu nyingi za simu za kusema kwa picha zinakubali sauti yako. Tafuteni mtoto wa rika lake, feni izimwe, simu shubiri moja kutoka mdomoni, kila neno peke yake. Na huyo Hawking hakuvaa glavu: kihisi cha infraredi kwenye miwani kilisoma shavu lake. Mtafutieni mtoto kiungo anachokiamrisha, goti au kichwa, hapo mfungieni swichi ya simu kwa velkro. Anzeni na picha 4, mwangaza uhame picha hadi picha kila sekunde 3, naye abonyeze ukifika anayoitaka. Akikosa, punguzeni kasi, msimlaumu. Mkono ukishtuka hubonyeza mara mbili, kwa hiyo mbonyezo wa pili ndani ya nusu sekunde usihesabiwe. Na ubao uwepo vilevile, simu huzima. Plastiki yake isiwe ya kung'aa, juani picha hazionekani.

Fundi Mkomani: Kwa hiyo kazi ya glavu ni takataka?

Dada wa Shela: Sijasema takataka. Nimesema bubu.

Mkaazi wa Langoni: Jamani, mchango.

Mwana wa Amu: Kwanza hili la kurekodi. Yule mtoto wa kisiwa cha Pate, maneno yake atarekodiwa na nani?