Naomba ushauri: kuzunguka Prague kwa miguu na mama mwenye magoti mabovu

Wakuu, habari za leo. Mama amekuja kunisalimia huku Ujerumani akitokea Tanga, na Jumamosi nataka nimpeleke Prague, mji mkuu wa Czech, tuzunguke mji mkongwe kwa miguu. Tatizo ni magoti. Ngazi zinamtesa, na kule mitaa mingi imetandikwa mawe.

Nimepanga tupande tramu namba 22 hadi kwenye ngome kule kilimani, tuteremke taratibu, tuvuke Daraja la Charles (mita 516, lilianza kujengwa 1357), tumalizie kwenye uwanja wa mji mkongwe, penye ile saa ya mnarani ya mwaka 1410, ambako sanamu za mitume huchungulia dirishani kila saa inapogonga. Mke wangu anapinga: eti kuteremka ndiko kunakoua magoti kuliko kupanda. Hapo ndipo nimekwama.

Waliofika, mteremko wa mtaa wa Nerudova, ule unaoshuka kutoka ngomeni, ukoje kwa mtu mzima? Na zile ziara za vikundi zinazoitwa za bure, kiongozi hupewa shilingi ngapi mwishoni? Wanamsubiri anayechelewa? Maana mama akiona duka la shanga, hatoki.