Shahada ya fedha kutoka chuo kisicho na jina: CPA, CFA, masters au nianzie SACCOS?

Ruvuma_Kwetu
Wakuu, heshima kwenu. Nimehitimu shahada ya fedha na benki kwenye chuo kidogo huku Nyanda za Juu Kusini, GPA 3.6. Ninachokitaka hasa ni uchambuzi: kukaa benki au kampuni ya uwekezaji pale Dar, kusoma hesabu za kampuni na kusema hii inakopesheka, hii hapana. Natuma maombi, kimya. Jamaa zangu waliosoma vyuo vyenye jina vya Dar, Mlimani na IFM, wengine GPA yao iko chini ya yangu, wanaitwa kwenye usaili.

Naona njia nne. Masters kwenye chuo chenye jina. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, nipate CPA, cheti cha mhasibu wa kitaaluma. CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji. Ya nne, SACCOS ya walimu hapa mjini imenipa nafasi ya afisa mikopo, mshahara mdogo na wanataka jibu wiki ijayo. Nyumbani wamesema watanisaidia jambo moja tu. Waliopita huko naomba mnilinganishie.

BintiMizania
Mdogo wangu, mimi nakaa upande wa kuajiri kwenye benki moja ya Dar, nikueleze kinachotokea mezani. Tangazo la nafasi chache linaleta maombi kwa maelfu. Anayechuja hana muda wa kukufahamu, anakata kwa vitu vinavyoonekana upesi: GPA kuanzia 3.5, cheti cha kitaaluma, uzoefu, chuo. Jina la chuo linapata nguvu pale ambapo hakuna kingine cha kukutofautisha na mwenzako. GPA yako inapita. Usipoitwa, ujue karatasi yako na za wengine mia tatu zimefanana.

Ndiyo maana masters ningeiweka mwisho. Ada ni kubwa, na ukifika kwenye usaili swali la kwanza litakuwa "umefanya kazi gani?", utarudi palepale ukiwa na shahada mbili. Nenda masters ukiwa tayari na kazi inayoidai.

Mkaguzi wa Ilala
Naunga mkono, ila CPA msiipite haraka. Mitihani ya NBAA ni Mei na Novemba, na karatasi ya mtihani haijui umesoma wapi. Wewe na wa Mlimani mnafanya mtihani uleule siku ileile. Kwa mtu wa chuo kisichojulikana, sioni usawa mkubwa kuliko huo nchini hapa. Peleka matokeo yako ya chuo Bodi wakuangalizie masomo na hatua ya kuanzia, kwa sababu shahada ya fedha si sawa na ya uhasibu.

Tena inafungua mlango wa serikali. Soma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira: Afisa Hesabu anaingia na shahada, Mhasibu anadaiwa CPA(T), yaani CPA ya Tanzania. Huko unaanza na mchujo wa kuandika ndipo mahojiano, na ukifaulu nafasi zikajaa unabaki kwenye kanzidata, unaweza kupangiwa baadaye bila usaili mpya.

Kariakoo_Hisa
Mkaguzi, sikubaliani nawe kwa huyu. Hajasema anataka uhasibu, amesema uchambuzi. CPA inaheshimika kila mahali na haitamwangusha, lakini atakaa miaka kwenye viwango vya kuandaa hesabu wakati moyo wake uko kwenye kuzisoma.

Kuhusu CFA: ina ngazi tatu, ada ni kwa dola, na mtihani mmoja unakula karibu dola 1,000 au zaidi. Ipo misaada ya ada inayotolewa na taasisi yao wenyewe, omba kabla hujalipa chochote. Ila pima soko letu. Viti vinavyoidai hasa ni vichache: mameneja wa mifuko ya uwekezaji, vitengo vya uwekezaji vya mifuko ya hifadhi ya jamii kama PSSSF na NSSF, UTT AMIS inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, madalali wa soko la hisa. Kama ni huko unakolenga, anza na kozi ya cheti inayosimamiwa na CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, kwa kushirikiana na CISI, taasisi ya wataalamu wa uwekezaji ya London. Ni fupi, gharama yake haifiki karibu na safari nzima ya CFA, na madalali wa soko la hisa la Dar (DSE) wanaijua.

Eastlands_Nairobi
Salamu kutoka Kenya. Huku shida ni hiyohiyo, wa vyuo vidogo wanakaa nje ya lango. Wengi wamepita kwa KASNEB, bodi ya mitihani ya kitaaluma ya huku, na mbali na CPA wana CIFA ambayo imeundwa kwa wachambuzi wa uwekezaji. Inalipwa kwa shilingi, si dola. Ukiwa na mpango wa kuvuka kuja Nairobi siku moja, iulizie. Kama utabaki Dar, fuata ushauri wa watu wa Dar.

Mzee_Njombe
Mnamzungusha kijana. Bila koneksheni hizo karatasi zote ni mapambo. Nimeona wengi.

AfisaMikopo_Mbeya
Mzee wangu, shikamoo. Koneksheni zipo, sibishi. Lakini kwa asiye na mjomba benki, koneksheni inapatikana kazini, na ndiyo maana nasema achukue SACCOS bila kusita. Nilianzia huko, sasa niko benki kwenye kitengo cha mikopo ya biashara.

Ruvuma, ngoja nikuonyeshe uchambuzi wenyewe ulivyo. Mwalimu anakuja na slipu, mshahara wa msingi 900,000. Anaomba milioni 3 arudishe kwa miezi 24. Unashika kalamu: PSSSF asilimia 5 ni 45,000, bima ya afya asilimia 3 ni 27,000, Bodi ya Mikopo (deni la chuo) asilimia 15 ni 135,000, kodi inakaribia 92,000. Zimeondoka kama 299,000. Makato yote hayatakiwi kumwacha chini ya theluthi moja ya mshahara, yaani 300,000. Kwa hiyo nafasi ya kukopa ni kama 301,000. Unageuza slipu, unakuta benki inamkata 220,000 kila mwezi. Imebaki 81,000. Milioni 3 kwa miezi 24 ni 125,000 kabla hata ya riba. Haikai.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Mkopo wa benki unaisha lini? Anajenga, anauguza, au anakopa alipe mkopo mwingine? Umpunguzie kiasi, umwambie asubiri, au umkatalie? Ukikosea, ni akiba za walimu wenzake zinazopotea, na utakutana nao sokoni. Benki kubwa mhitimu mpya anakaa dirishani akihesabu noti muda mrefu kabla hajaachiwa uamuzi kama huo. SACCOS utaupata mwezi wa kwanza.

Pia ukumbuke Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeziweka SACCOS daraja la tatu, chini ya usimamizi. Kuna taarifa za kuandaa na fedha za kutenga kwa ajili ya mikopo chechefu, yaani isiyorejeshwa kwa wakati. Uzoefu huo unaandikika kwenye CV.

BintiMizania
Naongezea kwa AfisaMikopo, na hiki hakina ada. Benki zetu hutangaza hesabu zao magazetini kila robo mwaka. Chukua benki moja, robo nane, ziingize kwenye Excel mwenyewe, usinakili kazi ya mtu. Chini kabisa ya tangazo kuna viashiria: mikopo chechefu kwa mikopo yote, mikopo kwa amana, mtaji kwa mali. Vifuatilie. Benki Kuu inataka mikopo chechefu isizidi asilimia 5, na gharama zisizidi asilimia 55 ya mapato. Benki yako iko wapi, imesogea vipi, kwa nini? Andika kurasa mbili kwa Kiswahili au Kiingereza safi, uambatanishe na maombi. Tuliwahi kupokea kazi ya namna hiyo kutoka kwa binti wa chuo ambacho nusu ya jopo hawakukijua. Aliitwa, na usaili mzima ulikuwa juu ya zile kurasa mbili.

Mzee_Njombe
Marahaba AfisaMikopo. Hapo kwenye slipu nimekuelewa.

Ruvuma_Kwetu
Asanteni sana, shikamooni wakubwa. Leo nimepeleka barua ya kukubali SACCOS. Msaada wa nyumbani nitauweka kwenye kozi ya CMSA, CPA nitaitafutia mwenyewe kwa mshahara. Kazi ya benki moja robo nane naianza wikiendi hii. Swali la mwisho: mikopo nitakayochambua huko, naweza kuiambatanisha kwenye maombi baadaye?

AfisaMikopo_Mbeya
Faili la mwanachama halitoki ofisini, hata picha ya simu usipige. Andika mfano wako wenye namba ulizotunga na njia uliyoifuata, kama nilivyofanya hapo juu. Takwimu za jumla, mfano mikopo chechefu ilikuwa kiasi gani ulipoingia na sasa iko wapi, muombe meneja ruhusa kwa maandishi ndipo uzitumie. Jopo lolote la mikopo likiona umemwaga siri za wateja wa ulikotoka, linakuondoa hapohapo.