Je, telomerasi yaweza kutofautisha baka la kawaida na melanoma?

Mdau wa Maabara: Wakuu, kwa kuwa kimeng'enya cha telomerasi hurefusha ncha za kromosomu na kuziwezesha seli za saratani kugawanyika bila kikomo, je, kukipima katika kipande cha baka la ngozi kunatosha kuthibitisha melanoma, yaani saratani ya seli za rangi ya ngozi?

Mkongwe: Hakutoshi, ndugu. Kiwango huwa juu zaidi katika melanoma, lakini mabaka yasiyo na madhara nayo huonyesha kiasi, na chembe nyeupe za damu zilizojipenyeza humo hupotosha kipimo.

Binti Hadubini: Mabadiliko ya kichochezi (sehemu ya DNA inayowasha jeni) cha jeni ya TERT, ile inayotengeneza telomerasi, yaliyoripotiwa mwaka 2013, yanatia moyo zaidi kama kipimo, kwani ni nadra katika mabaka ya kawaida. Hata hivyo, melanoma ya nyayo, ambayo ndiyo aina ya melanoma inayoonekana zaidi kwa Waafrika weusi, mara nyingi haina mabadiliko hayo. Doa linalopanuka unyayoni likatwe na kuchunguzwa kwa hadubini.