Mjadala: Sheria imlazimishe mwenye bunduki kuwa na sefu yenye cheti?

Mleta mada

Wakuu, mada hii kila ikiibuka watu hugawanyika pande mbili zisizosikilizana. Wapo wanaosema nyumba yoyote yenye silaha ya moto iwe na sefu iliyopimwa, na asiyekuwa nayo awajibishwe. Wapo wanaosema silaha ya kujilinda ukiifungia umeifuta, na kwamba serikali haina kazi chumbani mwa mtu. Mimi nipo na wa kwanza, ila nina sharti ambalo wenzangu wengi wa upande huu hawalipendi: sheria isiangalie unene wa chuma peke yake. Iangalie kwanza ni nani anayeweza kuifungua hiyo sefu.

Tukienda kuchagua sefu, akilini tumembeba mwizi. Muuzaji naye anajua, kwa hiyo anatuuzia hofu ya mwizi na moto. Lakini wanaopita karibu na silaha kila siku ni watu wa humo humo ndani: mtoto, kijana aliyevunjika moyo, mgeni aliyelala sebuleni. Mwaka 2005 jarida la tiba la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti uliolinganisha nyumba ambazo mtoto au kijana alijeruhiwa au kujiua kwa silaha iliyokuwepo na nyumba nyingine zenye silaha ambako hilo halikutokea. Mambo manne yalihusiana na hatari ndogo, kila moja kwa nafasi yake: silaha kufungiwa, silaha kutokuwa na risasi ndani, risasi kufungiwa, na risasi kukaa mbali na silaha. Mwaka uliofuata ukachapishwa utafiti mwingine ambao wazazi na watoto wao waliulizwa kila mmoja kivyake. Kati ya wazazi waliosema mtoto wao hajui silaha inakaa wapi, asilimia 39 walipingwa na watoto hao hao. Waliosema mtoto hajawahi kuishika, asilimia 22 walipingwa vilevile.

Kwa hiyo juu ya kabati na chini ya godoro tusipahesabu kuwa maficho. Naomba tujadili kwa hoja.

Mlinzi wa familia

Mkuu, heshima kwako, ila umeruka sababu inayowafanya watu wengi wanunue bastola. Mtu akivunja mlango usiku, una sekunde chache. Giza, mikono inatetemeka, mke anapiga kelele, halafu wewe unabonyeza namba ya tarakimu sita? Hata Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2008, katika kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller, iliitupa sheria ya mji mkuu wao iliyotaka silaha ya nyumbani ifunguliwe vipande au ifungwe kufuli la triga. Majaji waliona inamnyima mtu kujilinda. Mimi nawafundisha wanangu wasiguse, na wananisikia.

Mleta mada

Kaka, nakubali kwamba hitaji lako ni la kweli. Lakini hukumu hiyo hiyo ya Heller ilisema wazi kwamba haigusi sheria zinazosimamia utunzaji wa silaha ili kuzuia ajali. Kilichokataliwa ni silaha kutotumika kabisa wakati wote.

Na hulazimiki kuchagua kati ya sefu kubwa na droo iliyo wazi. Bastola moja ya kujilinda inaweza kukaa kwenye kisanduku cha chuma chenye vitufe vya kubonyeza, kilichofungwa kwa bolti karibu na kitanda. Ukikizoea, vidole vinakijua gizani. Bastola ikiwa mwilini mwako, iko mikononi mwako; ikitoka mwilini, inaingia kisandukuni. Nyingine zote na akiba ya risasi zinakaa kwenye sefu kubwa.

Ila hapo kwenye visanduku vya haraka ndipo penye mitego mingi. Oktoba 2023 zaidi ya sefu 60,000 za alama za vidole ziliitwa kurudishwa huko Marekani, baada ya taarifa ya kifo cha mvulana wa miaka 12. Tatizo lilikuwa kwamba sefu iliweza kufunguka kwa kidole ambacho hakikusajiliwa, huku mwenye nyumba akiamini ameshaisajili sawasawa. Ukinunua ya aina hiyo, jaribu vidole vya kila mtu mzima unayemwamini kabla hujaweka silaha ndani, na ujaribu tena kila ukibadilisha betri. Mimi ningechagua vitufe vya kimakanika visivyohitaji betri.

Kuhusu watoto wanaokusikia: wazazi wale wa utafiti nao waliamini hivyo.

Fundi makufuli

Niingie kidogo, maana kazi yangu ni kufungua sefu za watu waliofiwa na waliosahau namba. Kabla hamjabishana juu ya sheria, mjue mnachonunua, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachoitwa sefu ya bunduki ni kabati la bati lenye mlango mzito.

Huko Marekani sefu nyingi za bunduki hubeba alama iitwayo RSC, ya UL, taasisi inayopima usalama wa bidhaa. Ngazi yake ya kwanza maana yake ni kwamba mtu mmoja, kwa vifaa vya mkono kama nyundo, bisibisi na mtaimbo, alishindwa kuifungua kwa dakika tano. Dakika tano! Sefu za TL-15 na TL-30 ni familia nyingine: hizo hupimwa kwa dakika 15 na 30 za kushambuliwa kweli kweli, vifaa vya umeme vikiwemo, nazo ni nzito kiasi kwamba si kila sakafu inazibeba. Sisemi RSC haifai. Kwa mwizi anayepita haraka na kwa mtoto inafaa sana. Ila usidanganyike kwamba umenunua benki.

Unene wa chuma husemwa kwa geji, na geji inakwenda kinyume: namba ikiwa ndogo, chuma ni kinene. Geji 14 ni karibu milimita 1.9, geji 12 ni karibu 2.7, geji 10 karibu 3.4, geji 7 karibu 4.6. Grainda yenye diski ya kukatia inapita geji 14 upesi mno. Uliza unene wa ubavu, kwa sababu muuzaji atakutajia wa mlango. Usidanganywe na uzito pia, maana sehemu kubwa ya uzito huo inaweza kuwa jipsamu iliyowekwa ndani ya kuta kwa ajili ya moto.

Jipsamu nayo ina mambo yake. Karibu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani. Moto ukiwaka, maji hayo hugeuka mvuke na kuchelewesha joto. Hiyo ndiyo kinga yenyewe, na ndiyo maana baada ya moto silaha zinaweza kutoka zimelowa na kuanza kushika kutu. Kipimo kinachojulikana cha kulinda karatasi zisiungue ni joto la ndani kutozidi nyuzi 177 za Selsiasi. Viwanda vingi vya sefu za bunduki hutumia kipimo chao wenyewe, kwa hiyo "dakika 60" ya huyu si "dakika 60" ya yule. Kama stika haisemi nani amepima, kwa joto gani na ndani ilifika nyuzi ngapi, ichukulie kama tangazo.

Idadi ya bunduki iliyoandikwa, igawe kwa mbili. Iliyoandikwa 24 imehesabiwa bunduki nyembamba zisizo na darubini, zimebanana.

La mwisho, ambalo watu hulidharau kuliko yote: bolti. Sefu isiyofungwa kwenye zege huangushwa chali, watu wawili wakaikalia na mitaimbo mirefu, mlango ukaachia. Au hubebwa nzima nzima. Kiwango cha Ulaya cha EN 1143-1 kinataka sefu yoyote iliyo chini ya kilo 1,000 iwe na sehemu ya kufungia bolti. Iweke kwenye kona, upande unaofungukia mlango uwe karibu na ukuta, ili mtaimbo ukose nafasi ya kupindia. Ndani weka silika jeli ya kunyonya unyevu, na bunduki usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, inashika kutu.

Mkulima

Maelezo mazuri, fundi. Sasa mimi nina bunduki moja tu ya kulindia mazao. Nyumba yangu haina sakafu ya zege. Mkisema kila mtu awe na sefu yenye cheti, mmesema mwenye fedha abaki na silaha na mimi niirudishe. Mtoto wangu ana thamani sawa na wa tajiri, hilo nalijua, lakini msinipangie chuma cha kilo mia tatu.

Mleta mada

Ndugu Mkulima, hoja yako ni nzito na ndiyo inayonifanya nisitake sheria ya kipimo kimoja. Ujerumani wameweka ngazi. Tangu Julai 2017 sefu mpya ya silaha lazima ifikie angalau daraja 0, yaani la chini kabisa, katika kile kiwango cha Ulaya cha EN 1143-1. Daraja hilo likiwa na uzito chini ya kilo 200, unaruhusiwa bastola zisizozidi tano. Likifika kilo 200, hadi kumi. Daraja I halina kikomo. Waliokuwa na makabati ya zamani waliruhusiwa kuendelea kuyatumia. Kwa bunduki moja kama yako ningeshuka zaidi ya Wajerumani: kabati dogo la chuma lililofungwa kwenye nguzo au boriti imara, risasi kwenye kisanduku kingine chenye kufuli lake. Hicho kiwe kiwango cha chini kwa kila mtu, na kiongezeke kulingana na idadi ya silaha.

Lakini mtaona hata Wajerumani walikwama kwenye ufunguo. Mwindaji mmoja alisafiri, akaacha funguo za sefu ya silaha ndani ya sefu nyingine iliyokuwa dhaifu zaidi. Wezi wakaivunja ile dhaifu, wakachukua funguo, wakafungua ile imara bila jasho. Mwaka 2023 mahakama ya juu ya utawala ya Münster ikasema ufunguo utunzwe kwenye chombo chenye kiwango sawa na cha sefu yenyewe. Ndiyo maana napendelea namba kuliko ufunguo, na namba isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto.

Mlinzi wa familia

Na namba ambayo kiwanda kinabaki nayo je? Mwaka 2023 mtengenezaji mmoja wa Marekani aliwapa FBI, wapelelezi wa serikali yao, namba ya kufungulia sefu ya mteja.

Mleta mada

FBI walikuwa na hati ya upekuzi, na baadaye mtengenezaji akaruhusu wateja waombe namba zao zifutwe. Ila swali lako ni sahihi na linapaswa kuulizwa kabla ya kulipa: kuna namba ya pili, na anayo nani?

Dada mkubwa

Kaka zangu, mmezungumza mwizi, mtoto, kiwanda. Hakuna aliyegusa mtu mwenye namba mwenyewe. Nyumba nyingi namba anayo baba peke yake. Siku akiwa na hasira, au akiwa amekata tamaa ya maisha, sefu ya daraja lolote inamfungukia. Sheria yenu inamfanyia nini huyo?

Mleta mada

Dada, hapo umenifikisha mahali ambapo chuma kinaishia, na sitaki kujifanya nina jibu kamili. Ninachokijua ni kwamba umbali na muda vinasaidia. Jeshi la Israeli lilipowazuia askari vijana kwenda na silaha nyumbani mwishoni mwa wiki, mwaka 2006, idadi ya waliojiua ilishuka kwa takriban asilimia 40, na upungufu mkubwa ulikuwa siku hizo za mapumziko. Askari wale walikuwa na ruhusa na mafunzo yote, walichopunguziwa ni ukaribu.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili yaingie kwenye sheria. Kwanza, mwenye silaha aweze kuikabidhi kwa muda kwa mtu au taasisi iliyoruhusiwa, bila kuhojiwa kama mhalifu na bila kupoteza kibali. Pili, mtu mzima wa pili nyumbani awe na haki ya kuomba namba ibadilishwe mwenye silaha anapokuwa na hasira au amekata tamaa. Hili la pili najua litapingwa, maana linaweza kutumiwa vibaya na wenza wanaogombana. Wenye ujuzi wa sheria za familia, semeni: ombi hilo lipelekwe kwa nani, na lishughulikiwe ndani ya saa ngapi?