Kaka yetu alizama, mwili haujapatikana: Misa ya mazishi inawezekana?

Kitindamimba:
Habari zenu wadau, naomba msaada wa mawazo maana nyumbani tumegawanyika. Boti aliyopanda kaka yetu mkubwa ilipinduka, huu ni mwezi wa tano tangu siku hiyo, waliookolewa wanasema walimwona akizama na hakuibuka tena, wazamiaji wametafuta siku 11 wakakata tamaa. Mwili hakuna. Baba anataka tununue jeneza tuweke viatu na nguo zake twende nalo kanisani kama msiba wowote, mama hataki hata kusikia neno marehemu, kila Jumamosi anapiga pasi shati lake la bluu analitundika nyuma ya mlango basi sisi wote tunapita pale kimya. Sisi ni Wakatoliki. Je padri anaruhusiwa kuzika jeneza tupu? Na shemeji yetu anahesabika mjane au bado ni mke wa mtu? Paroko nimemfuata mara mbili akanijibu juu juu tu "leteni mwili", nikarudi nimenyong'onyea.

Katekista mstaafu:
Pole sana mwanangu. Hilo jibu la "leteni mwili" limenikera kidogo maana Misa ya kumwombea marehemu haidai mwili. Mwongozo wa Misale ya Kiroma, yaani kitabu cha sala za Misa, namba 381 unataja kabisa Misa ya wafu inayosomwa baada ya kupata taarifa ya kifo, ndo hiyo yenu, na inaruhusiwa hata siku ambazo Misa nyingine za wafu haziruhusiwi, ila siyo Jumatano ya Majivu wala Juma Kuu.

Kinachokosekana ni yale yanayofanyika kwenye mwili wenyewe, yaani jeneza kupokelewa mlangoni kwa maji ya baraka, kitambaa cheupe cha kukumbushia ubatizo, halafu mwishoni ile buriani padri anapolizunguka jeneza na maji na ubani. Kitabu cha ibada ya mazishi cha 1969 kinasema buriani hiyo ni pale mwili ukiwepo. Zamani walikuwa wanaweka kitu mfano wa jeneza katikati ya kanisa, kimefunikwa kitambaa cheusi, ndani hamna mtu na padri anakifukizia ubani vilevile, mtindo huo ukaondolewa. Marekani walipewa ruhusa ya kufanya buriani hata mwili usipoweza kabisa kufika, ila bila jeneza tupu. Kwa hiyo muulize tena paroko jimbo lenu linafuataje, na safari hii nenda na baba.

Mkitaka kuweka viatu chini ya jiwe lenye jina lake hiyo ni kumbukumbu ya familia, sioni ubaya. Ila msivibebe kwenye jeneza mkaomba vinyunyiziwe maji kana kwamba yumo.

Mtoto wa baharia:
Pole ndugu yangu, sisi baba alimezwa na bahari nikiwa sekondari. Tuliweka picha yake na kofia yake ya kazini kwenye kimeza kidogo pembeni, siyo altareni, padri alitukataza hilo mapema. Watu walikaa kama wameganda mpaka kwenye sala za waamini lilipotajwa jina lake la ubatizo ndo bibi akaachia kilio na kanisa zima likafuata. Somo tulichagua Ufunuo 20 pale bahari inapowatoa wafu waliomo ndani yake, mpaka leo nikilisikia nywele zinanisimama.

Kaburi hatuna kweli, ila tarehe 1 hadi 8 Novemba tunaenda makaburini kama wengine. Rehema kamili ya siku zile, yaani msamaha wa adhabu za dhambi unaoombewa wafu, ni kwa anayetembelea makaburi na kuwaombea wafu, haijasemwa lazima awe amelala ndugu yako. Mama huwa anasimama popote tu, anasema Raha ya milele umpe ee Bwana, tunarudi.

Mpita njia:
Mimi naona miezi mitano ni mapema, watu wamewahi kurudi, mwacheni mama na shati lake jamani.

Katekista mstaafu:
Hapo kuna ukweli, na upande wa shemeji Kanisa lenyewe halina haraka. Kanuni 1707 ya Sheria za Kanisa inasema kama hakuna hati halali ya kifo, ya Kanisa au ya serikali, mwenzi hahesabiki huru mpaka askofu wa jimbo atoe tamko kwamba anadhaniwa amefariki, tena kupotea tu, hata iwe miaka mingi, hakutoshi. Lazima uchunguzi ufanyike, na maneno ya mashahidi yana uzito, kwa hiyo hao waliomwona akizama waandikisheni maelezo sasa wakati bado wanakumbuka.

Kitindamimba:
Asanteni sana. Nimemsomea baba, jeneza ameachana nalo, kabaki anaulizia bei ya jiwe. Mama kaniuliza swali moja tu, je jina la mwanawe linaweza kusomwa kanisani bila kuitwa marehemu?

Katekista mstaafu:
Linaweza. Kanuni 901, padri anaweza kutolea Misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa. Mwambie aandike jina la ubatizo tu kwenye karatasi ya nia ya Misa, aishie hapo.

Kitindamimba:
Ameandika mwenyewe. Jumapili Misa ya kwanza.