RTX 3060 ya GB 12 au RTX 4060 ya GB 8? Kabla hujajibu, fungua kasha lako

Wakuu, habari za jioni.

Naomba tuulete huu ubishi mezani, maana kwenye magrupu ya magemu umefika hatua ya watu kununiana. Dukani kuna kadi mbili za grafiki, bei zimepishana Sh 20,000 tu. Moja ni RTX 3060 yenye VRAM (kumbukumbu ya kadi yenyewe) ya GB 12, ya mwaka 2021. Nyingine ni RTX 4060 yenye GB 8, ya mwaka 2023. Hela yako inatosha moja. Unabeba ipi?

Mimi lilinikuta kupitia shemeji yangu, kijana wa mwaka wa pili anayesomea usanifu majengo. Jumamosi moja alinipigia akiwa Kariakoo, nyuma nasikia honi na mtu anatangaza chaja kwa kipaza sauti. "Shem, nimesimama dukani hapa. Muuzaji anasema 4060 ndiyo mpya na inakula umeme kidogo. Huyu rafiki niliyekuja naye anasema GB 8 haziwezi kushinda GB 12 hata kwa dawa. Sema neno moja nilipe."

Nikamuuliza mazabodi yake (bodi kuu ya kompyuta) ni ipi.

Kimya. Kisha: "Si ile ile tu, shem."

Nikamwambia asilipe, arudi nyumbani, nitapitia jioni na bisibisi.

Tuwekane sawa kwanza. Nvidia walipoitoa 4060 kwa dola 299 walisema wenyewe kwamba inaizidi 3060 kwa takriban asilimia 20 bila kuhesabu fremu (picha zinazopita kwenye skrini) ambazo kadi inajibunia yenyewe. Inakula wati 115 wakati 3060 inakula 170. Kwa hapo tu kesi inaonekana imekwisha: mpya, ina kasi zaidi, inatumia umeme kidogo zaidi, bei ile ile. Anayebaki na 3060 anaonekana mbishi tu.

Lakini tuangalie hizo GB zinafanya nini. VRAM ichukulie kama meza ya kukatia ya fundi cherehani. Kitambaa kikitosha mezani, meza kubwa haimwongezei fundi kasi yoyote. Ndiyo maana ukicheza Valorant, Counter-Strike 2 au FC kwenye monita ya 1080p, GB 12 hazikusaidii kitu na 4060 itakuacha. Shida inaanza kitambaa kinapozidi meza. Hapo fundi analazimika kuweka kipande kingine chumba cha pili, yaani kwenye RAM ya kompyuta, na kila akikihitaji anapita kwenye korido kukifuata. Korido hiyo ndiyo PCIe, yaani njia inayounganisha kadi na mazabodi.

Na hapa ndipo pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi, labda na wao hawalijui. 3060 ya GB 12 inatumia njia 16 za PCIe. 4060 inatumia 8 tu. Kwenye mazabodi yenye PCIe 4.0 njia 8 zinapitisha karibu GB 16 kwa sekunde, si mbaya. Ukiipachika kwenye mazabodi ya PCIe 3.0, toleo la nyuma yake, upana unakatika nusu, unabaki na karibu GB 8. Kwa hiyo kadi yenye meza ndogo ndiyo hiyo hiyo yenye korido nyembamba. Gemu likitosha ndani ya GB 8 hutaona tofauti ya maana. Likizidi, unapata kile kigugumizi: wastani wa fremu unasoma 60, lakini ukigeuza kamera ghafla picha inashika, inaachia, inashika.

Sasa mashine nyingi za vijana wetu ni zipi? Ni kompyuta za ofisi zilizotumika, zinazokuja kwa makontena, prosesa i5 ya kizazi cha 6 mpaka cha 9. Zote hizo ni PCIe 3.0. Intel walianza kutoa 4.0 kwenye kompyuta za mezani kwa kizazi cha 11. Upande wa AMD unahitaji prosesa ya Ryzen 3000 kwenda juu pamoja na bodi ya B550 au X570. B450 na A520 zimebaki 3.0. Tena kuna mtego: Ryzen 5 5600G, ambayo wengi wanainunua ili waanze kucheza bila kadi, ni 3.0 hata ukiiweka kwenye B550.

Jioni nikaifungua ya shemeji. Vumbi la Mbagala lilikuwa limekaa kwenye feni kama unga wa muhogo. i5 ya kizazi cha 8, kwa hiyo 3.0. Nikageuza pawa saplai nisome lebo: wati 260. Nikafuata waya moja moja kwa tochi ya simu, hakuna hata mmoja wenye kichwa cha pini 8 cha kulisha kadi. Akaniuliza, "Si kuna adapta?" Zipo. Jirani yangu mmoja alitumia adapta ya kutoka plagi ya SATA (ile ya umeme wa hadi diski) kwenda pini 8. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba wati 54 kwenye njia ya volti 12, yeye akaifanya ilishe kadi nzima. Siku ya tatu chumba kilinuka plastiki, na ile plagi ilitoka na vipande vya hadi diski iliyokuwa pembeni yake. Sitaki kumsikia mtu akishauri adapta ya SATA.

Watu wa 4060 huniambia: "Ndiyo maana tunasema chukua 4060, wati 115 tu, mashine za zamani zinaimudu." Ningekubali, kama hiyo pawa saplai ya ofisi ingekuwa na waya wa kuilisha. Haina. Ni lazima ubadilishe (na adapta ya pini 24 ununue, maana hizo mashine za ofisi mara nyingi zina vichwa vya peke yao). Sasa ukishabadilisha, soma pendekezo la Nvidia wenyewe: pawa saplai ya wati 550 kwa 3060, na wati 550 hiyo hiyo kwa 4060. Ukishatoa hela ya pawa saplai mpya, faida ya wati imeshalipiwa kwa kadi zote mbili.

Inabaki hoja ya LUKU, tuipigie hesabu badala ya kutishana. Tofauti ni wati 55. Ukicheza saa 4 kila siku kwa siku 30, hizo ni uniti 6.6. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, takriban Sh 356 kwa uniti pamoja na kodi, ni kama Sh 2,350 kwa mwezi. Chipsi kavu na soda. Anayeweza kuumia ni yule aliye kwenye tarifa ya uniti 75, maana uniti 6 zinaweza kumtoa nje ya mstari na zinazozidi akazilipia bei ya juu zaidi. Lakini wa namna hiyo akicheza saa 4 kwa siku, mama mwenye nyumba atakuwa ameshaongea naye kabla ya kadi.

Kwa mashine ile, nilimwambia shemeji achukue 3060 ya GB 12. Sababu ya pili ni masomo yake: anatengeneza nyumba kwenye Blender (programu ya michoro ya 3D), na mandhari ikijaa miti na madirisha ya vioo, nimeona kipimo cha VRAM kikipita GB 9 bila hata gemu kufunguliwa.

Rafiki yake yule aliyekuwa anatetea GB 12 dukani ana Ryzen 5 5600 kwenye B550, pawa saplai nzuri, na anacheza FC na Counter-Strike tu. Huyo nilimwambia achukue 4060. Akaniona kigeugeu. Wiki mbili baadaye wakaweka mashine pamoja na kwenye Counter-Strike 4060 ikaongoza waziwazi, basi ikawa kelele: "Shem wako kakuingiza mjini!" Sikuumia. Hakuna aliyefungua Blender siku hiyo.

Kuna hoja moja naikubali nusu. Wadau wanasema nimeifumbia macho DLSS 3, yaani ile kadi kubuni fremu za katikati, ambayo 3060 haina. Kweli haina. Ila FSR 3.1 ya AMD inaruhusu fremu za kubuni kwenye 3060 pia, huku picha ikikuzwa na DLSS ya kawaida (ile ya kukuza picha tu, bila kubuni fremu), kwa magemu yaliyowekewa. Ubora wa 4060 hapo ni mzuri zaidi, sibishi. Lakini fremu za kubuni nazo zinakula VRAM, kitu ambacho 4060 imenyimwa, na kama fremu zako halisi ni 30, kuzifanya zisome 55 hakukuondolei ule uzito wa kipanya. Unaona laini, unahisi nzito.

Waliosema "nanunua GB 12 kwa ajili ya GTA VI": gemu lenyewe limetangazwa kwa PS5 na Xbox Series. Nunua kadi kwa magemu yaliyopo.

AMD sijawasahau. RX 6600 ukiipata kwa bei ya chini sana ni kadi ya heshima kwa wati 132, ila nayo ni GB 8 na njia 8, kwa hiyo maswali ni yale yale. Arc B580 ya Intel ina GB 12 na inavutia kwenye karatasi, lakini inataka Resizable BAR (setingi ya mazabodi inayomruhusu prosesa kuifikia VRAM yote kwa mkupuo) na inadhoofika ikiwekwa kwenye prosesa za zamani. Kwenye i5 ya kizazi cha 8 usijaribu.

Tahadhari mbili kwa wanaokwenda dukani na hoja yangu mkononi. Ya kwanza, kuna RTX 3060 ya GB 8. Ilitoka mwishoni mwa 2022, boksi linafanana, jina lile lile, lakini njia ya kumbukumbu imepunguzwa kutoka biti 192 hadi 128. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote mbili tunazobishania. Muuzaji akisema "3060" bila kutaja GB, mwambie akuonyeshe pembe ya boksi. Ya pili, 3060 nyingi za mtumba zilichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum mpaka Septemba 2022 mtandao ule ulipoachana na uchimbaji, kadi zikamwagwa sokoni. Kuchimba peke yake hakuiui kadi. Sikiliza feni zikizunguka, omba gemu zito liendeshwe dakika 20 ukiwa umesimama hapo hapo, na endesha GPU-Z (programu ndogo ya kusoma taarifa za kadi), maana inazitambua kadi nyingi za bandia zilizobadilishwa jina. Akikwambia dukani hamna monita ya kupimia, ondoka.

Kwa hiyo msimamo wangu huo: PCIe 3.0, nasema 3060 ya GB 12. PCIe 4.0 na magemu ya mashindano, 4060. Ambaye sina jibu lake ni yule mwenye PCIe 3.0 anayecheza FC tu na hatafungua kitu kizito maisha yake. Nikimwambia 3060, ananunua GB 4 ambazo hatazigusa. Nikimwambia 4060, najua mwakani atakuja na gemu jipya na lawama.

Mwenye 4060 kwenye mazabodi ya PCIe 3.0 aweke hapa alichokiona, ataje gemu, setingi za tekscha, na kama kuna kigugumizi akigeuza kamera. "Kwangu inakimbia tu" siipokei.