Nyumba imejaa watu, kitabu kitaandikwa saa ngapi?

BintiMkomani, Lamu

Asalaam aleikum wenzangu. Nataka kuandika kitabu cha mapishi ya kwetu Lamu, mapishi 80 hivi, pamoja na sura sita za desturi: chakula cha harusi, cha Ramadhani, cha maulidi, cha mzazi aliye ndani ya arubaini na mengineyo. Kazini natoka saa kumi jioni. Nyumbani tuko tisa, watoto wangu watatu wakiwemo, na hodi hazikatiki mpaka isha. Meza ya peke yangu sina. Usiku nikikaa nasinzia juu ya daftari. Naomba mnielekeze: niandike saa ngapi, wapi, na kwa hesabu gani nimalize?

KalamuYaLangoni

Waaleikum salaam dada. Tuanze na ukubwa wa kazi, maana kitabu kisichopimwa hakiishi. Pishi moja, yaani vipimo, hatua na maelezo mafupi, hula maneno 350. Mara 80 ni 28,000. Sura sita za desturi, kila moja maneno 2,000, ni 12,000. Jumla 40,000. Ukiandika maneno 250 kwa kikao, vikao vinne kwa wiki, unapata 1,000. Hizo ni wiki 40. Ongeza wiki sita za Ramadhani, harusi na magonjwa ya watoto, na zinazobaki za kusoma upya. Mwaka mmoja basi.

Saa yako ni baada ya sala ya alfajiri. Huo ndio wakati pekee ambao kwetu hakuna mtu anayepiga hodi, na huhitaji kumfungia mtu mlango. Ukijifungia alasiri, mgeni ataona amekataliwa, na lawama zitakurudia wewe na kitabu chako. Kwa hiyo kaa saa kumi na moja na robo, inuka saa kumi na mbili. Hizo ni dakika 45, uzigawe hivi: tano kusoma aya ya mwisho uliyoandika, 35 kuandika, tano kuandika kwa penseli sentensi ambayo utaanza nayo kikao kijacho. Hizo tano za mwisho usiziache kabisa. Anayekaa mbele ya karatasi tupu hupoteza robo saa kutafuta pa kuanzia, na robo saa kwako ni theluthi ya kikao.

Linaloharibu zaidi ni kusahihisha kazi ya jana. Ukishashika neno moja utalishika la pili, na saa kumi na mbili itakukuta umefuta mengi kuliko uliyoandika. Wakati wa kuandika, palipo na kosa tia alama pembeni upite. Kusahihisha kuwe Jumamosi, saa mbili mfululizo, nje ya nyumba. Ndani ya Ngome ya Lamu pana maktaba. Uliza saa zao kwanza.

Na usingizi hauibiwi. Ukitaka kuamka kumi na moja kasorobo, lala saa nne. Anayelala saa sita ataamka siku tatu, ya nne atashindwa, kisha ataacha.

JikoniMalindi

Dada, hesabu ya ndugu yetu ni nzuri, ila kitabu cha mapishi hakianzii mezani. Nusu ya kazi yako iko jikoni, na jikoni unaingia kila siku. Muda huo unao tayari.

Shida ni kwamba mama zetu hupika kwa kukisia. Ukimuuliza mpishi ametia unga kiasi gani, atakwambia "kiasi". Ukimsimamisha apime, mkono unabadilika na mahamri yanakuwa mengine. Fanya hivi: kabla hajaanza, mwekee kwenye sinia kilo moja ya unga, gramu 500 za sukari, gramu 100 za chumvi, kila kimoja katika bakuli lake, umeshapima kwa mizani ya jikoni. Mwache apike kama kawaida yake. Akimaliza, pima kilichobaki. Unga ukibaki gramu 380, ametumia 620. Hamira pima kwa kijiko cha chai, na hiliki hesabu punje, kwa sababu mizani za kawaida za jikoni huruka gramu moja moja na vitu vyepesi havionekani sawasawa.

Tui ndilo huwakosesha wengi. Usiandike "nazi mbili", nazi hazilingani. Pima nazi iliyokunwa kwa gramu, kisha maji uliyochujia: tui la kwanza maji mangapi, la pili mangapi. Msomaji wa mbali atakushukuru. Na kikombe usikiamini mpaka ukijaze maji na kuyapima, maana vikombe vya chai hutofautiana.

Andika kwenye kadi za karatasi ngumu, pishi moja kadi moja, kwa penseli. Wino wa kalamu nyingine hutawanyika ukipata mvuke au tone la tui, penseli haitawanyiki. Asubuhi ukikaa una kadi mbele yako, huna haja ya kukumbuka chochote. Kazi ni kuigeuza kadi iwe maneno 350.

Kwa hiyo Ramadhani usiihesabu kama hasara. Usijilazimishe kuandika mwezi ule, mwili umechoka baada ya daku. Kusanya kadi tu. Jiko la futari katika wiki moja lina vyakula ambavyo miezi mingine ungevingoja: tambi, kaimati, viazi vya nazi, uji.

BintiMkomani, Lamu

Mungu awabariki. Hilo la sinia naanza kesho. Sasa nikae wapi? Chumbani tunalala na mdogo wangu wa mwisho, nikiwasha taa anaamka. Na je, niandike kwa mkono au kwenye simu?

UkutaWaMatumbawe, Shela

Mahali pa kuandikia hapahitaji kuwa chumba. Panahitaji kuwa palepale kila siku, na vitu viwe vimeshawekwa tangu usiku. Kama nyumba yenu ni ya kizamani, daka, yaani ukumbi wa mlangoni, panafaa sana alfajiri: pana baraza la kukalia na milango ya ndani imefungwa. Ubao wa sentimita 40 kwa 60 juu ya mapaja unatosha kuwa meza. Taa ndogo ya kuchaji, uielekeze kwenye karatasi isimwagike ndani. Watoto waambie mapema: mama akitundika leso mlangoni, haulizwi kitu mpaka aitoe. Siku za mwanzo watauliza. Ukiwajibu hata mara moja, leso haina maana tena.

Darini chini ya makuti ni pazuri kwa hewa, lakini upepo hukupeperushia kadi na chumvi ya bahari huingia kwenye simu. Ukikaa huko msimu wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, upepo uje ubavuni na karatasi uzibane kwa mawe. Masika yakifika usipategemee.

Kadi zisikae kwenye kidaka cha ukutani. Najua vidaka ndivyo vilivyotengenezwa kuweka vitu, lakini ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na karatasi iliyougusa hupata ukungu kwenye kingo, halafu mdudu. Tia kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, juu ya ubao, mbali na ukuta kiasi cha kiganja. Ufunge siku ya jua karatasi zikiwa kavu. Ukifunga zikiwa na unyevu, umeufungia humo ukungu wenyewe.

KalamuYaLangoni

Juu ya mkono na simu: anayechapa maneno 20 kwa dakika atahitaji kama saa 33 kuyachapa maneno 40,000 aliyoyaandika kwa mkono. Si kidogo, lakini hazipotei, kwa kuwa kuchapa ni kusoma upya. Ushauri wangu ni sura za desturi kwa mkono, kwa sababu zinataka kufikiri, na mapishi moja kwa moja kwenye simu, ukiunganisha kibodi ndogo ya bluetooth. Zima data kabla ya kuanza, ujumbe mmoja wa asubuhi unakula dakika kumi.

Umeme ukikatika, pawabanki ya 20,000 mAh itajaza simu ya 5,000 mAh mara mbili na nusu hivi, si nne kama wengi wanavyodhani, maana nguvu nyingine hupotea ikibadilishwa.

Na kila Ijumaa jitumie faili kwa barua pepe, jina liwe tarehe: 2025-03-14 na kadhalika. Maneno 40,000 bila picha hayafiki MB moja, kwa hiyo bando haliumii. Nakala ya pili iwe kwenye flashi, na flashi ikae kwa dada yako au nyumba nyingine yoyote, isikae kwenye mkoba mmoja na simu.